Kwa mzee wa rejeta, Ngamiani: elfu ishirini ya kuambiwa hedi yangu ni nzima

Kibao hakuna. Ukifika Ngamiani, hapa Tanga mjini, ulizia kwa mzee wa rejeta, hata muuza kahawa atakuonyesha. Ni uwanja mdogo chini ya mwembe, mapipa mawili ya maji, na rejeta zimeegemezwa ukutani kama mikeka msikitini. Mimi nilielekezwa na kijana wa bodaboda aliyenikuta nimesimama kando ya barabara, boneti liko juu, napepea mvuke kwa khanga.

Gari ni Prado ya 1997, milango mitano, dizeli, injini 1KZ. Aliliacha marehemu baba. Mama anaishi Lushoto, kwa hiyo kila mwezi napanda mlima. Wanaoijua 1KZ hapa wameshaanza kutikisa kichwa, maana ikichemsha tu, neno la kwanza kinywani mwa fundi ni hedi, lile pande la chuma linalofunika silinda kwa juu. Na ni kweli hedi zake zina sifa ya kupasuka, sibishi. Ila kwangu dalili ya kwanza ilikuwa hita.

Ilikuwa Julai. Pale Mombo, chini ya mlima, bado unatoka jasho, ukifika Soni unaanza kutafuta sweta. Nikafungua hita, ikatoa joto zuri kabisa. Kona kadhaa mbele ikaanza kupuliza baridi kama mlango wa friji, na wakati huohuo mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikapunguza mwendo, mshale ukashuka. Mimi nikadhani ni mambo mawili, hita mbovu na mlima mkali.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo siitaji, hawakupima kitu. Waliangalia rejeta, wakaniangalia mimi, wakasema hedi: milioni mbili na laki nane. Nilipowaambia sina, wakanipa "dawa ya muda". Wakatoa thamostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, wakaitupa, kisha wakaunganisha mipira miwili ya kupeleka na kurudisha maji ya hita ya mbele ili maji yazunguke bila kuingia ndani. "Tanga hita ya nini, dada?" Nikacheka nao. Elfu themanini ikaenda. Safari iliyofuata mshale haukutaka hata kupanda hadi Segera, injini baridi, gari linakunywa dizeli. Nilipoanza kupanda kutoka Mombo lilichemsha vibaya kuliko mwanzo.

Kwa mzee mambo yalianza kwa salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inakula maji kiasi gani, na inakulia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia: chupa ya lita moja na nusu kila safari ya Lushoto, mjini karibu hainywi. Akaitikia kwa kichwa, akafunga boneti. Akaniambia niache gari nirudi asubuhi, kwa sababu hafungui rejeta ya moto na haanzi kupima injini ikiwa ya moto. Nilinuna, lakini kwa hilo tu ningempa nyota.

Asubuhi akafungua kifuniko. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Akauliza nimeweka maji gani, nikasema ya kisima cha nyumbani. Tunakaa Raskazone, hatua chache kutoka baharini; maji yetu hata sabuni haitoi povu. Nilipokea mhadhara mfupi ambao siurudii hapa. Kisha akajaza hadi mdomoni, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Viputo vichache vikatoka, vikaisha. Akazima, akafunga kifuniko, akawasha tena na kuushika mpira wa juu wa rejeta kama daktari anayeshika mshipa. Akanishikisha na mimi. Ulikuwa laini. Akasema kama moshi wa silinda ungekuwa unavuja kuingia kwenye maji, mpira ungekakamaa dakika ya kwanza tu, injini ingali baridi. Akafungua tena kifuniko kabla injini haijapata moto, akaiacha inguruma; ilipopata moto wa kutosha, akaleta kichupa chenye dawa ya buluu na kuvuta kwa balbu hewa ya juu ya maji ya rejeta. Ikikutana na gesi ya silinda inageuka kijani au njano. Tulisubiri. Ikabaki buluu.

"Hedi yako nzima. Mambo ya hedi yaishe hapa."

Naandika hivi nikijua kuna mtu Tanga ameuza kiwanja kwa hedi ambayo haikupimwa.

Sasa maji yanakwenda wapi? Injini ilipopoa akafunga mdomoni mwa rejeta pampu ya mkono yenye geji, akapiga presha hadi 0.9, namba ileile iliyoandikwa juu ya kifuniko changu. Mshale wa geji ukashuka polepole. Chini ya boneti kukavu. Zulia la mbele kavu, halina ile harufu tamutamu ya kulanti, dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji. Akatandika boksi chini, akaingia uvunguni na tochi, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniita. Nililala kwenye boksi na baibui langu, kijana wake akicheka.

Prado hii ina hita ya pili kwa abiria wa nyuma. Mimi sikujua! Maji yake hupita kwenye mabomba ya chuma chini ya sakafu, na chumvi ya bahari ilikuwa imeyala hadi yakawa kama ganda la korosho. Mbele kidogo ya tairi la nyuma kulikuwa na tundu la sindano, linatema uzi mwembamba, mkojo wa mbu. Bila presha halitoi kitu. Ndiyo maana mjini hakuna tone chini ya gari, na mlimani, injini ikifanya kazi na presha ikipanda, maji yanatoka na upepo wa barabara unakausha ushahidi.

Mengine yote yakajipanga. Maji yakipungua, hewa inaingia na kukaa mahali pa juu, na mipira ya hita iko juu. Hita inakosa maji ya moto, inapuliza baridi wakati injini inaungua. Kwa maneno ya mzee, hita ndiyo inayolia kwanza, na wale wa kwanza waliiziba mdomo. Mshale wa Toyota nao si wa kuutegemea sana: unakaa katikati muda mrefu, na ukiuona unapanda ujue joto limepanda kitambo.

Nikauliza kwa nini kutoa thamostati kulizidisha, maana kila mtu anatoa. Akanionyesha moja ya zamani. Chini ina kisahani cha pili. Injini ikipata moto, mlango wa kwenda rejeta unafunguka na kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kuonana na rejeta. Tambarare utaona ubaridi, mlimani utalipia. Kifuniko nacho mpira wake ulikuwa umepasuka. Kikiwa kizima, maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 118 kabla ya kutokota. Kikiwa kibovu, kule Lushoto kwenye mita 1,400 hivi maji yanatokota kama kwenye sufuria ya mama, nyuzi 95 tu.

Tengenezo lenyewe halina hadithi kubwa. Mabomba ya nyuma tuliyaziba kwenye chanzo. Abiria wangu wa nyuma ni makabichi. Hita ya mbele ikarudishwa, lakini mpira mmoja ulikuwa wa moto na wa pili vuguvugu, yaani ndani kumejaa tope. Akaiosha kwa mpira wa bustani, upande huu na ule, bila kompresa, mpaka maji yakatoka meupe. Thamostati mpya aliichemsha kwanza kwenye sufuria, ikining'inia kwa uzi, jiko lilelile la chai yake. Ikafunguka kabla maji hayajatokota, ndipo akaikubali. Kujaza kulichukua karibu saa nzima: pua ya gari juu ya jeki, hita kwenye moto kabisa, kulanti nyekundu nusu na maji ya dukani yasiyo na chumvi nusu, anakamua mipira kwa mkono hadi hewa iishe.

Malalamiko ninayo. Tanga husemwa waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja Jumatatu nikaondoka Alhamisi, kwa sababu thamostati ilisubiriwa kwa basi kutoka Dar. Simu hapokei. Risiti hatoi, nimeandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Kijana wake alipoteza klipu mbili akafunga waya, nikarudi zikabadilishwa. Na kilichonikera hasa: kulanti ya zamani ilimwagwa chini, kuku wanapita hapo. Ile ni sumu, na ni tamu. Nilisema. Kesho yake nilikuta wameweka ndoo, sijui kama bado ipo.

Kupima ni elfu ishirini, unalipa hata kama hutengenezi kwake. Jumla yangu, pamoja na kifuniko, thamostati na kulanti, ilifika laki tatu na kumi.

Nimepanda Lushoto mara mbili tangu hapo. Sijaongeza tone. Mara ya pili nilishuka na mama hadi Tanga, na kabla ya Soni akaniambia nizime hilo joto, anataka kufungua dirisha.

Nenda asubuhi, gari likiwa limelala. Ukilipeleka linafuka atakupa kahawa na kukuambia urudi kesho.