Feiza niliyojiundia mwenyewe: kila kitu kiko kwenye transista nne

Miezi minne sasa ninapigia gitaa langu pedali hii, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kifuniko chake kimekuwa wazi. Ni feiza, yaani pedali inayoifanya sauti ya gitaa ionekane kuzunguka, na ni ya kujiundia: unapata mfuko wenye bodi, vipuri, jeki mbili, swichi ya kukanyaga na boksi la alumini, kazi ya kulehemu ni yako. Saketi inafuata ile ya MXR Phase 90, pedali ndogo ya rangi ya chungwa iliyotoka Rochester, New York, mwaka 1974. Ina kitufe kimoja tu cha kuzungusha, cha kasi.

Kulehemu kulinichukua jioni mbili. Bodi ni imara kweli. Nimechomoa na kurudisha vipuri mara nyingi na hakuna njia ya shaba iliyobanduka. Maelekezo yanasomeka, na aisi (vile vipande vidogo vyenye saketi nzima ndani) zinakaa kwenye soketi, jambo lililonisaidia sana baadaye.

Nilipochomeka gitaa, sauti ilipita safi lakini haikuzunguka ilivyopaswa. Ilianza kupanda, ikafika nusu ya safari, ikakwama hapo, kisha ikarudi. Nilikagua miungo yote kwa tochi, nikalehemu upya niliyoitilia shaka. Hakuna kilichobadilika.

Tatizo lilikuwa kwenye transista. Feiza ya aina hii ina hatua nne, na kila hatua inaichelewesha sauti kwa kiasi kinachotegemea masafa yake, yaani wingi wa mitetemo yake kwa sekunde. Sauti iliyocheleweshwa ikichanganywa na sauti kavu, kuna masafa yanayokutana yakiwa yamepingana, yanafutana. Kwa hatua nne unapata mabonde mawili, na kuhama kwa mabonde hayo juu na chini ndiko sikio linakosikia kama mzunguko. Anayeyahamisha ni transista ya JFET iliyo kwenye kila hatua: inafanya kazi ya rezista inayobadilika kwa volti. Zote nne zinapokea volti ileile kutoka osileta moja, saketi inayoipandisha na kuishusha volti hiyo bila kukoma. Sasa transista mbili za jina moja, hata za mfuko mmoja, hazifungi, yaani hazikati umeme, kwa volti moja. Kwa 2N5952, kiwango cha kufunga kinaweza kuwa popote kati ya volti 1.3 na 3.5. Wakati moja bado inafunguka, nyingine imeshafunga kabisa, na hatua yake imesimama.

Maelezo ya mfuko yalisema transista zimelinganishwa. Nilizitoa nikazipima mwenyewe kwa miguu yake mitatu: geti kwenye hasi, dreni kwenye chanya ya volti 9, sosi ikishuka kwenye hasi kupitia rezista ya kilo-omu 10, na mita ikisoma volti za sosi. Nikapata 1.62, 1.64, 1.91 na 2.20. Mbili za kwanza ni ndugu. Hizo nyingine hazina uhusiano nazo. Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na ni kubwa kwa sababu mtu anayeunda pedali yake ya kwanza hawezi kulijua. Atadhani mkono wake ndio mbaya.

Nilinunua transista 20 za aina hiyohiyo na kukaa nazo Jumamosi nzima. Ukiishika kwa vidole inapata joto na namba inahama, kwa hiyo nilikuwa naichomeka, naondoa mkono, nasubiri itulie, ndipo naandika. Kati ya zote 20 nilipata nne zilizotofautiana kwa chini ya milivolti 20. Nikaziweka, nikageuza kwa bisibisi ile potenshiomita (rezista ya kuzungusha) ndogo iliyo kwenye bodi hadi safari ya kwenda juu na ya kurudi chini zikawa sawa sikioni. Nilidonoa kodi moja ya gitaa, noti kadhaa kwa pamoja, taratibu nikaiacha ivume. Ilizunguka nzima, laini, bila kukwama popote. Nilibaki nimeishika kodi hiyo hadi ikazimika.

Kuna mengine mawili madogo. Kitufe cha kasi kilikuja na potenshiomita ya kawaida ya mstari, kilo-omu 500, kwa hiyo kasi zote za haraka zilibanana mwishoni na ukigusa kidogo tu umezipita. Panatakiwa ya logi ya kinyume, ile yenye herufi C. Pia kulikuwa na mlio wa tik, tik, ukifuata osileta. Nyaya za kitufe zilikuwa zimelala sambamba na waya wa kuingiza sauti. Nilizitenganisha, nikaongeza kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na aisi yenye osileta, na aisi yenyewe nikaiweka TL062 badala ya TL072 kwa kuwa inakula umeme pungufu. Mlio ulikwisha.

Hapo ndipo nilianza kuibadilisha kwa kupenda. Kuna rezista moja, ya kilo-omu 22 kwenye bodi yangu, inayorudisha sauti kutoka hatua ya mwisho kwenda hatua ya awali. Inafanya vilele viwe vikali, na ukitumia distoshini sauti inakwaruza. MXR za mwanzo kabisa hazikuwa nayo. Niliinyanyua mguu mmoja, na pedali ikawa na upole ambao sikuutarajia. Inakaa nyuma ya gitaa badala ya kulifunika. Sasa nimeiwekea swichi ndogo. Kwa sauti safi huwa imezimwa, na sijutii hata shimo la ziada kwenye boksi.

Jaribio la kapasita nalo nililifanya. Badala ya nne zinazofanana za nanofaradi 47, niliweka thamani za Uni-Vibe, pedali ya zamani ya jamii hii: nanofaradi 15, 220, 4.7 na pikofaradi 470. Sauti inayumba kama inayopigwa na upepo, haina ule mzunguko wa duara. Ni nzuri kwa nyimbo za polepole, lakini kwa kupiga ridhimu niliona inapotea, nikarudisha 47 baada ya wiki moja. Pengine nitajenga ya pili kwa ajili hiyo peke yake.

Bodi na boksi naviamini kabisa, na kwa hayo ninaipa nyota nne. Ukiuagiza mfuko huu, agiza na JFET 20 pembeni, na usilehemu hata moja kabla ya kuipima. Na kama unaitaka ile swichi, toboa boksi kabla hujapaka rangi. Mimi nilitoboa baadaye na rangi ikachubuka kuzunguka tundu lote.