Toleo Lipi la Jazi Ununue? Uliza Kwanza Limetoka Kanda Gani

Mwulize mpenzi wa jazi nani mkali zaidi kwenye saksafoni, Coltrane au Rollins, mtabishana jioni nzima. Mwulize ununue toleo lipi la albamu ileile moja, mtakesha. Albamu ya 1957 huchapishwa tena na tena, picha ya jalada haibadiliki, lakini ukiweka sindano unasikia bendi mbili tofauti.

Kipimo changu ni kimoja: sauti imetoka kwenye kanda ipi, na nani ameikata. Mwaka wa toleo, uzito wa santuri na rangi yake vinafuata nyuma kabisa. Studio za enzi hizo zilirekodi kwenye kanda ya sumaku, na kanda ile ya kwanza, kanda mama, ndiyo iliyokaa karibu zaidi na wapigaji. Kila inaponakiliwa, mvumo unaongezeka na makali ya matoazi yanapungua. Kisha yupo fundi anayeikata, yaani anayeihamishia kwenye santuri. Yeye ndiye anayeamua besi ya Paul Chambers ikufikie tumboni au iishie kunong'ona kwenye kona.

Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, albamu ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Siku ya kwanza ya kurekodi, Machi 2, 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 New York, mashine iliyorekodi kanda mama ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda hiyo ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zikiwa juu kidogo ya sauti yake halisi. Kosa lilidumu kwa zaidi ya miaka 30. Waliojaribu kupiga wakifuata santuri waliona vyombo vyao ndivyo vimelegea! Lilirekebishwa miaka ya 1990 kwa kutumia kanda ya akiba, iliyorekodiwa siku hiyohiyo na mashine nyingine. Kwa hiyo nakala ya 1959 inayogombewa na wakusanyaji ina kosa, na CD ya kawaida ya baada ya marekebisho haina. Ukilielewa hilo, mpangilio wangu wa matoleo, kuanzia la kununua kwanza hadi la mwisho, hautakushangaza sana.

Ya kwanza: santuri mpya ya daraja la kati, iliyokatwa kutoka kanda mama

Hapa nazungumzia mfululizo wa Classic Vinyl wa Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi, na Original Jazz Classics uliofufuliwa na kampuni ya Craft Recordings mwaka 2023. Yote miwili imepita mikononi mwa fundi Kevin Gray. Fundi huyohuyo ndiye hukata Tone Poet, mfululizo wa kifahari wa Blue Note ulioanza 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley. Sasa ukilipia Tone Poet unaongezewa nini? Kiwanda kingine cha kuchapia, na jalada nene linalofunguka, lenye picha kubwa zilizopigwa siku za kurekodi. Picha hizo ni za Francis Wolff, na sitamcheka mtu anayenunua kwa sababu yake. Wolff alijua kupiga picha ya moshi wa sigara kuliko mtu yeyote. Lakini mimi nikiwa na fedha ya Tone Poet moja, nitatafuta namna ya kupata Classic Vinyl mbili.

Kwa Coltrane wa lebo ya Impulse, pamoja na A Love Supreme aliyoirekodi Desemba 9, 1964, angalia mfululizo wa Acoustic Sounds wa Verve. Unalingana na hiyo miwili.

Jifunze kusoma kibandiko cha nje. Kikitaja kanda za analojia, yaani zisizopitia dijitali, na jina la fundi, kampuni imejifunga kwa maneno yake. Kikisema tu "gramu 180", hakijakuambia kitu. Uzito huo ni plastiki, na plastiki nyingi haiongezi sauti. Hata kusoma kuna mipaka yake, maana mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni iliyoheshimiwa sana na wapenzi wa analojia, ilikuwa ikipitisha baadhi ya matoleo yake kwenye hatua ya dijitali bila wanunuzi kujua. Kilichonifurahisha ni kwamba wengi waliokasirika walikuwa wamezisifu santuri hizohizo kwa miaka. Soma kibandiko, ila masikio usiyaache nyumbani.

Ya pili: CD, hasa iliyotumika

Najua nitapigwa mawe. Lakini watu wanazigawa CD kama wanaotupa magazeti ya zamani, na ndani yake kuna kazi nzuri ajabu. Upande mmoja wa santuri unabeba dakika 20 na kitu, CD inabeba 74 na zaidi. Sauti yake haikwaruzi, wala haichoki kama ya santuri inapokaribia katikati. Na kwa piano ina faida ambayo wapenzi wa santuri hawapendi kuizungumza. Santuri iliyotobolewa tundu kando kidogo ya katikati hufanya noti ndefu ziyumbe. Sikiliza Bill Evans kwenye santuri ya namna hiyo, utadhani amelewa.

Tafuta CD za Original Jazz Classics za miaka ya 1980. Zipo pia RVG Edition za Blue Note, ambazo fundi Rudy Van Gelder (ndiye RVG) alizirudia kanda zake mwenyewe, zile alizorekodi sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, na baadaye kwenye studio yake ya Englewood Cliffs. Wapo wanaosema RVG zinapiga kelele mno. Kwenye baadhi nakubaliana nao, lakini ni vigumu kumwambia aliyekuwa chumbani kwamba hakukumbuka vizuri.

Jihadhari na nyimbo za nyongeza zilizopachikwa katikati. Evans alirekodi kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Juni 25, 1961, siku 11 kabla mpiga besi wake Scott LaFaro hajafariki kwa ajali ya gari. Nataka kuisikiliza kama ilivyotoka, sitaki wimbo mmoja mara mbili mfululizo.

Ya tatu: seti za sanduku

Kwa anayetaka kila kitu cha msanii kwa kipindi fulani, Mosaic, kampuni aliyoianzisha Michael Cuscuna pamoja na Charlie Lourie, haina mpinzani. Vijitabu vyao peke yake ni darasa. Ila huchapisha kwa idadi maalumu na zikiisha zimeisha. Kwa anayeanza ni mzigo.

Ya nne: santuri za Japani

Zimetunzwa kama mayai, plastiki yake kimya, majalada mazito. King Records walichapisha Blue Note kwa miaka kadhaa kuanzia 1977 na matoleo yao yanapendwa hadi leo. Tatizo ni lilelile la kanda: mara nyingi waliletewa nakala, kanda mama ilibaki Marekani. Ukikuta kwa bei nafuu, chukua.

Ya tano: nakala za kwanza kabisa

Kuna raha yake, sikatai. Unageuza santuri kwenye mwanga, unatafuta "RVG" iliyochorwa karibu na kibandiko cha katikati, kisha alama inayofanana na sikio, ya kiwanda cha Plastylite kilichoichapia Blue Note hadi 1966. Unasoma anwani ya kampuni iliyopo kwenye kibandiko, Lexington Avenue au 47 West 63rd, ujue umri wake. Ni upelelezi mtamu, lakini kama unataka muziki, kumbuka kwamba santuri hizo zilipigwa kwa gramafoni zenye mikono mizito kama jembe. Yangu niliyouziwa kama "safi karibu mpya" ina mikwaruzo inayomfuata mpiga tarumbeta Lee Morgan kila anapopanda juu.

Ya mwisho: matoleo ya bei rahisi ya Ulaya

Sheria za Ulaya ziliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa zimeshaponyoka. Ndiyo maana huko mtu yeyote anaweza kuchapisha Blue Train ya Coltrane bila kumwomba mwenye rekodi. Anachokosa ni kanda, kwa kuwa imefungiwa kwenye ghala la mwenye mali, hivyo mara nyingi chanzo chake ni CD. Niliwahi kununua moja yenye jalada la kupendeza. Wimbo wa mwisho ulififia mapema, palepale CD yangu inapofifia, sekunde kwa sekunde. Niliuziwa CD niliyokuwa nayo, safari hii na vumbi juu.

Ukikuta rekodi ya kabla ya 1957 inajiita sterio, itilie shaka, maana nyingi za wakati huo zilirekodiwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Miaka ya 1960 kampuni zilizigawa rekodi za mono pande mbili kwa ujanja wa mitambo, na mpiga piano Thelonious Monk akasikika kama yuko ndani ya mtungi. Mono halisi ni nzuri kuliko hilo.

Mpangilio huu wote hauhusu kanda zilizofichuliwa baadaye. Kanda ya tamasha la Monk na Coltrane kwenye ukumbi wa Carnegie, Novemba 29, 1957, ilikaa bila kujulikana hadi ilipokutwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2005. Hakuna nakala ya zamani ya kugombea. Kanunue CD yake ya 2005, iliyotumika, na fedha inayobaki uiweke kwa ile santuri ya daraja la kati.