Mtihani wa kozi au daftari la mapokezi?

Umewasomesha wafanyakazi wa hoteli yako Nungwi kuwajibu wageni kwa msaada wa akili mnemba. Utajuaje kama pesa imerudi?

Mtihani ni rahisi: saa moja, karatasi, basi. Ila siku hizi simu yenyewe humjibia mtu, na alama 90 hazikwambii kitu.

Daftari husema kweli zaidi: ujumbe wa mgeni ulikaa saa ngapi bila jibu, wangapi walighairi. Lakini lataka mtu wa kuliandika kila siku, na hesabu za kabla ya kozi. Tena usilinganishe Agosti na Mei ya masika. Wageni wakipungua, hata mvivu hujibu haraka.

Nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, kumuuliza mfanyakazi maswali hapo hapo kaunta kwatosha. Mwenye vyumba mia, aanze daftari mapema.