Nimelipa 35,000 kwa ugonjwa wa betri ya 2,000

Niandike kabla sijapoa, maana nikipoa nitamwonea huruma yule fundi, na sitaki kumwonea huruma.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kazi zangu ni zile za steshenari zote: fotokopi, kuchapa mitihani ya walimu, barua za kuomba kazi, picha za pasipoti, na msimu ukifika, foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani, mtumba wa Kariakoo, na hiyo moja inalisha watu watano.

Ndani ina Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Aliniwekea mtoto wa dada yangu, anasoma chuo Dodoma, baada ya Windows yangu kufa mara ya tatu kwa virusi vya flashi za wateja. Mwenye steshenari ananielewa hapa. Flashi moja ya mwanafunzi inazunguka maduka manne kwa siku, na kila inapochomekwa inaacha uchafu. Kesho yake mafaili yamegeuka shotikati na mteja anakutazama wewe kama mwizi. Tangu nihamie Linux hilo limekwisha. Printa iliingia yenyewe bila sidii. Nyaraka nafungua kwa LibreOffice, na majedwali ya walimu yakikaa upande nayanyoosha kwa mkono. Sina deni nayo. Au niseme, sikuwa na deni nayo mpaka juzi juzi.

Kwa kitambo sasa, kila asubuhi nikiwasha, kabla nembo ya Mint haijatokea, skrini nyeusi ilikuwa inasimama na maandishi meupe: tarehe na saa hazijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Nabonyeza, inaendelea, namhudumia mteja. Saa ya kompyuta sikuwahi kuiona imekosea, na sababu yake nimeijua baadaye: Mint ikishapata intaneti tu, huziuliza seva za saa huko nje saa ngapi, ikajirekebisha kabla sijakaa vizuri kitini. Ugonjwa upo, dawa inatolewa kila asubuhi, mgonjwa hajui kama anaumwa.

Kilichonipeleka kwa fundi ni feni. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Hewa yetu ya mwambao ina chumvi, na vumbi la barabarani likichanganyika na unyevu linaganda ndani kama uji. Nikaifunga CPU, lile boksi la kompyuta lenyewe, kwa kanga, nikamwita kijana wa bodaboda wa kijiwe cha nje ya duka langu, tukaenda hadi duka moja la mafundi mjini. Jina silitaji. Nikamwambia fundi: naomba usafishe feni, na uniangalizie hii F1.

Akaiwasha. Alipoona nembo ya Mint akamgeukia yule kijana wa bodaboda. “Kaka, nani aliwapigia Linux?” Nikajibu mimi. Akamuuliza tena yule yule, “Ramu ina ngapi?” Kijana wa watu akasema, “Mimi nimeleta mzigo tu, muulize mama.” Hakuniuliza. Akainamia mashine.

Siku ile nililimeza. Nilipoifuata jioni feni ilikuwa kimya, F1 imeondoka, saa iko sawasawa. Nikalipa 35,000 na nikamwachia hela ya soda. Nilimsifia hata kwa jirani yangu wa duka la vitenge. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

Mimi nikifunga duka nazima swichi ya ukutani, kwa sababu umeme ukikatika usiku ukarudi, unarudi na nguvu za kuunguza vitu. Asubuhi yake nikawasha. Hakuna F1, hakuna skrini nyeusi, moja kwa moja kazini. Mteja wa kwanza alikuwa binti wa maombi ya mkopo, amekuja na mama yake kutoka Pongwe. Nafungua tovuti, brauza inakataa: onyo jekundu, muunganisho si salama. Nikajaribu tovuti nyingine, ikakataa. Barua pepe, ikakataa. Nikasema bando limekwisha, nikaweka jipya. Nikabadilisha simu ya hotspoti. Ajabu, simu yenyewe ilikuwa inafungua ukurasa ule ule bila shida yoyote. Binti na mama yake wakakaa karibu saa nzima, kisha wakaaga kwa adabu, wakaingia duka la mbele. Niliwaona wakiingia.

Mchana akaja mwalimu kuchukua mtihani niliouchapa asubuhi. Nafungua folda, haupo. Mafaili yangu yamepangwa kwa tarehe, jipya juu, la zamani chini, na juu haukuwepo. Nikaapa kwamba niliuhifadhi. Mwalimu amesimama, anaangalia saa, mimi nachapa upya swali la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuja kuuona nikiwa nusu ya ukurasa. Ulikuwa chini kabisa, umelala chini ya barua za miaka iliyopita. Hata hapo sikuunganisha. Saa ya kona ya skrini kwangu inaonyesha saa na dakika tu, tarehe mpaka uiguse, na mimi saa naangalia ya ukutani.

Nikarudi kwa fundi na bodaboda yule yule. Fundi akaiwasha, akabonyeza bonyeza, akatikisa kichwa, akamwambia yule kijana: mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, inakufa, na hii Linux haikubaliani nayo. Njia ni mbili. Apige Windows kwa 20,000 na vilivyomo kwenye diski vyote viondoke, au tununue CPU nyingine, anazo hapo. Halafu akasema, “Mwambie mama achague.”

Mwambie mama! Nilikuwa nimesimama mbele yake, kilichotutenga ni kaunta. Kwenye diski ile kuna mitihani ya shule tatu, kuna barua za watu, kuna mahesabu ya duka tangu nilipolifungua. Nikaichukua CPU yangu mwenyewe kifuani, nikatoka.

Usiku nikampigia mtoto Dodoma. Akasema, “Mama mdogo, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika timedatectl, halafu nisomee mstari kwa mstari.” Nikasoma. Saa za eneo: Africa/Dar_es_Salaam, sawa. Tarehe nilipofika nikanyamaza. Ilikuwa ya mwaka ambao mwanangu wa mwisho hajaanza hata chekechea. “Endelea,” akasema. Saa ya mfumo imeoanishwa: hapana. Huduma ya NTP, ambayo ndiyo inayouliza saa kwenye intaneti: imezimwa. Akauliza, “Nani ameizima?” Nikamwambia ni wewe uliyeweka, mimi sijagusa. Tukakaa kimya wote wawili, kisha tukataja jina la duka kwa pamoja.

Mtoto alinieleza taratibu, na nitaandika nilivyoelewa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata ikizimwa, kwa nguvu ya betri ya duara kama sarafu. Ukiacha waya kwenye umeme, saa ile inakula umeme wa ukutani. Ukizima ukutani, kama mimi kila jioni, inakula betri. Betri yangu imekwisha, kwa hiyo kila asubuhi saa inaanza upya, na ile F1 ilikuwa inanipigia kelele hilo hilo tu. Linux huichukulia saa ile ya ndani kuwa ni saa ya dunia, UTC, na sisi Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu. Anavyohisi mtoto, fundi aliingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Mint haijaamka, akaweka saa ya Tanga kama anavyoweka kwenye mashine za Windows. Mint ikaisoma kama saa ya dunia, ikaongeza tatu. Fundi aliweka saa nne asubuhi, akaona saa saba mchana. Badala ya kujiuliza, akazima saa ya kujirekebisha, akapanga kwa mkono. Na ile F1 hakuitibu. Kwenye baiosi kuna mahali pa kuiambia mashine isisimame hata kama kuna kosa. Alipagusa hapo.

Yaani alizima kengele na dawa akaimwaga.

Na tovuti je? Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vingine vifupi sana, vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure, vimezoeleka kuwa vya siku 90. Kompyuta inayoamini tuko miaka ya nyuma ikikitazama cheti kile inaona bado hakijaanza kazi, na inakukatalia. Inafanya wajibu wake. Mtihani wa mwalimu nao ulihifadhiwa kwa tarehe ya kale, ndiyo maana ukazama chini.

Akanipa amri moja, sudo timedatectl set-ntp true. Nikaandika nywila, ambayo haionekani unapoiandika, usishtuke. Hotspoti ilikuwa wazi. Hazikupita sekunde nyingi, saa ya kona ikaruka. Nikafungua ukurasa wa mkopo, ukafunguka. Nilipiga kigelegele saa nne ya usiku mpaka jirani akagonga ukuta.

Mtoto akasema nisifurahi sana, betri bado. Inaitwa CR2032, na namba zake ndiyo vipimo vyake: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene. Volti 3. Kesho yake nikaipeleka CPU kwa mzee anayetengeneza redio karibu na soko la Mgandini, kwa kuwa ndiye niliyejua ana kipima umeme. Hajui Linux ni nini na alisema hivyo waziwazi. Akatoa betri, akaipima mbele yangu: volti 1 na kidogo. Akaniletea mpya ya 2,000. Nikataka kumpa anisukumie ndani, akasema, “Hapana mama, shika mwenyewe, siku nyingine usinitafute. Upande wa alama ya kujumlisha utazame juu, sukuma mpaka kishikizo kilie.” Kikalia. Hela ya kazi alikataa. Nilimnunulia kahawa na kashata, akapokea kahawa tu.

Mzee yule ningempa nyota zote zilizopo mbinguni.

Linux Mint nilitaka kuipa hivyo hivyo, nasita. Ilikuwa inajua kila asubuhi kwamba saa imeingia imekosea, inarekebisha, inanyamaza. Mimi ni mwenye duka, ilipaswa kuniambia hata kwa mstari mmoja kwenye skrini, kwa lugha ninayoisoma. Lakini nikiwa mkweli, mashine ilisema kabla yake, F1 ilisema miezi, na mimi ndiye niliyekuwa naibonyeza ipite. Hata lile onyo jekundu, nilipolisoma tena kwa utulivu, chini kabisa kwa herufi ndogo za Kiingereza lilitaja kwamba huenda saa ya kompyuta imekosea. Kwa hiyo kosa la Linux naliona dogo zaidi kila nikilitazama. Nyota nne. Hapana, tano, maana Windows ingekwama kwenye tarehe mbovu vile vile, na virusi juu.

Fundi naye, nimnyime nini? Feni iko kimya mpaka leo, na ukitazama ndani pamepigwa brashi kwenye kila kona. Kusafisha anajua. Hiyo ni halali yake, na kwa bei za hapa mjini naikadiria 15,000. Lakini 20,000 zilizobaki amezichukua kwa kunifunga macho, na kama ningekuwa mwepesi wa hofu, diski yangu ingekuwa tupu saa hii na CPU yake iko mezani kwangu. Na angeniuzia kupitia mdomo wa bodaboda.

F1 nimeirudisha kwenye baiosi mwenyewe, mtoto ananielekeza kwa simu. Nikimaliza kuiwasha asubuhi naigusa saa ya kona niione tarehe, ndipo nafungua mlango wa wateja.

Betri mbovu niliipeleka dukani kwa fundi. Mara hii nilikwenda peke yangu kwa miguu, bila bodaboda, ili asiwe na mtu mwingine wa kumtazama. Nikaiweka kwenye kaunta, nikamwambia volti zake, nikamwambia alichokizima na mahali alipokizima. Alinitazama. Akasema sawa mama, nipitie wiki ijayo tuongee. Wiki ijayo imeshapita, nimepita mara mbili, mara zote naambiwa ametoka. 20,000 yangu naidai, na kesho nikifunga duka napita tena.