Padstow au Helston: Mei ikifika Cornwall, uende wapi?

Ukipata nafasi moja tu ya kwenda Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, itabidi uchague kati ya sherehe mbili za dansi za mitaani katika miji midogo: Padstow tarehe 1 Mei, au Helston tarehe 8.

Padstow ni ngoma ya mtaani hasa. Usiku wa kuamkia Mei Mosi watu hujazana nje ya baa ya Golden Lion, na saa sita wanaanza kuimba bila ala yoyote. Asubuhi hutoka "farasi" wawili, mmoja wa utepe mwekundu, mwingine wa buluu. Farasi huyo ni duara kubwa lililofunikwa kitambaa cheusi, na ndani yake mtu mwenye kinyago. Anazunguka, anayumba, ngoma na akodioni zikimsindikiza. Ghafla wimbo unapoa, farasi anajilaza chini kama aliyekufa. Ngoma ikilia tena, anaruka juu na umati wote unapiga kelele. Wazee waliamini mwanamke akinaswa chini ya kitambaa kile ataolewa au atazaa kabla ya mwaka kwisha.

Helston ni heshima na mpangilio. Dansi ya kwanza huanza saa moja asubuhi. Watoto huvaa nyeupe. Saa sita mchana wanaume huvaa makoti na kofia ndefu, wanawake magauni. Wawili wawili wanaingia nyumba na maduka ya watu kwa mlango mmoja na kutokea mwingine, bendi mbele.

Mimi ningekwenda Padstow, kwa ajili ya ule wimbo wa usiku. Mwenye watoto wadogo aende Helston, ila aangalie kalenda: tarehe 8 ikiangukia Jumapili au Jumatatu, sherehe hufanyika Jumamosi iliyotangulia.