Siku moja au mbili Istanbul: tiketi ya kununua kwanza, na nafasi ya basi la watalii

Istanbul ni mji ambao Waswahili wengi huupitia kabla hata ya kupanga kuutembelea. Kuna mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Laleli kuchukua mzigo wa nguo. Kuna anayebadilisha ndege akielekea Ulaya au Marekani, na kuna familia iliyotoka umra ikaamua kupumzika njiani. Wote hujikuta na siku moja au mbili za kutazama mji. Wakifika tu uwanja wa Sultanahmet, katikati ya mji wa kale, wanakutana na muuza tiketi za basi la ghorofa lililo wazi juu: unalipa mara moja, unazunguka mji, unashuka unapopenda, kisha unapanda linalofuata.

Tiketi hiyo huuzwa kwa makumi ya euro kwa kila mtu mzima. Ukiwa na mke na watoto watatu, ni hela ya kufikiria. Kwa hiyo nimepanga hapa njia za kuuona mji wa kale wa Istanbul kwa mpangilio ambao ningemshauri ndugu yangu. Basi la watalii sikuliweka la kwanza, ila lina watu wake, na hao nitawataja.

Sababu ni jinsi mji wenyewe ulivyokaa. Basi la kupanda na kushuka linafaa pale ambapo vitu vya kutazama vimetawanyika mbalimbali. Istanbul ya kale iko kinyume. Msikiti wa Hagia Sophia, ambao kwenye vibao utauona umeandikwa Ayasofya, ulikamilika mwaka 537 ukiwa kanisa, chini ya mfalme Justinian. Ukisimama mlangoni pake unautazama Msikiti wa Buluu wa Sultan Ahmed, ulioanza kujengwa 1609, ng'ambo ya bustani. Birika la chini ya ardhi la Yerebatan liko ng'ambo ya barabara. Lango la kasri la Topkapı liko nyuma ya Hagia Sophia, na uwanja wa kale wa mashindano ya farasi uko ubavuni mwa Msikiti wa Buluu. Hayo yote ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na ndiyo yanayowaleta watu Istanbul. Hakuna basi litakalokusogeza karibu zaidi.

Halafu kuna foleni. Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15, na jioni barabara za pwani na za kuelekea kwenye daraja la kwenda Asia hujaa magari. Basi la watalii halina barabara yake peke yake. Linakaa foleni na wengine.

Ya kwanza: Istanbulkart, tramu na vivuko vya kawaida

Hii ndiyo pesa ya kwanza kutoa ukifika. Istanbulkart ni kadi ya usafiri wa umma. Unainunua kwenye mashine za vituo vya tramu na metro, unaijaza lira, kisha unaigusisha kwenye geti. Kadi moja hufanya kazi kwenye tramu, metro, mabasi ya mji, treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, na vivuko. Zaidi ya mtu mmoja wanaweza kutumia kadi ileile, kila mmoja akigusishiwa mara yake, kwa hiyo familia haihitaji kununua kadi tano. Nauli za lira hupandishwa mara kwa mara kwa sababu ya mfumuko wa bei, lakini safari moja bado huzunguka dola moja hivi.

Njia ya kuijua ni tramu T1. Inaanzia Kabataş, inapita Karaköy, inavuka daraja la Galata hadi Eminönü, kisha Gülhane, Sultanahmet, Beyazıt penye soko kubwa la Kapalıçarşı, Laleli na Aksaray. Aliyefikia hoteli ya Laleli, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wetu, anapanda mlangoni kwake na kushuka mbele ya Msikiti wa Buluu. Tramu ina reli yake, haijui foleni. Ubaya wake ni kujaa sana asubuhi na jioni, na wachomoa mifuko wapo. Simu na pasipoti zikae mbele.

Lakini kinachoifanya kadi hii ishinde kila kitu ni vivuko. Nenda Eminönü, panda kivuko cha abiria wa kila siku kinachokwenda Kadıköy au Üsküdar upande wa Asia. Ni usafiri wa watu kwenda kazini, kama Kigamboni au Likoni, ila hiki hakibebi magari, kina viti vya nje, na ndani wanauza chai. Kikiacha gati, mji wote wa kale unajipanga mbele yako kwa wakati mmoja: kasri la Topkapı kwenye ncha ya rasi, Hagia Sophia, minara sita ya Msikiti wa Buluu, na juu ya kilima Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan iliyokamilika 1557. Mabaharia wa karne nyingi waliuona mji huu hivyo, kutokea majini, na waliojenga misikiti ile juu ya vilima walijua wanajenga ili ionekane hivyo. Kutoka ghorofa ya juu ya basi huwezi kuupata mwonekano huo. Kwenda Üsküdar ni kama robo saa, Kadıköy kama dakika ishirini. Rudi na kivuko cha magharibi, jua likizama nyuma ya minara.

Kwa Mwislamu kuna safari nyingine ya kadi hiihii ambayo watu wetu wengi huikosa: Eyüp Sultan, msikiti wenye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake Madina. Kuna kivuko kinachopanda ghuba ya Haliç kutoka Karaköy kikipita Fener na Balat hadi Eyüp, na kuna tramu ya T5 inayofuata ukingo wa ghuba. Chukua kivuko kwenda na tramu kurudi.

Ya pili: boti ya Bosphorus

Kama unayo pesa ya kuongeza kitu kimoja tu juu ya kadi, iongeze hapa. Bosphorus ni mlango wa bahari wa kilomita 30 hivi unaounganisha Bahari ya Marmara na Bahari Nyeusi, Ulaya upande mmoja na Asia upande mwingine. Nusu ya historia ya mji iko kwenye kingo zake: kasri la Dolmabahçe lililomalizika 1856, msikiti mdogo wa Ortaköy chini ya daraja la 1973, nyumba za mbao za matajiri wa zamani zilizojengwa miguu majini, na ngome ya Rumeli Hisarı ambayo Sultan Mehmed II aliijenga 1452, mwaka mmoja kabla ya kuuteka mji, ili afunge njia ya meli.

Kampuni ya vivuko ya mji, Şehir Hatları, ina safari fupi ya saa mbili hivi bila kushuka. Ina pia safari ndefu kutoka Eminönü hadi kijiji cha Anadolu Kavağı karibu na Bahari Nyeusi, ambapo unapewa muda wa kula samaki na kupanda kwenye ngome kabla ya kurudi. Ndefu inakula siku nzima. Mwenye siku moja achukue fupi. Mwenye siku tatu achukue ndefu bila kusita. Boti za watu binafsi zilizopanga gatini Eminönü nazo ni nzuri kwa mzunguko wa saa moja na nusu. Bei zao huandikwa kwenye kibao, hivyo mtu akikufuata barabarani na bei ya "leo tu", mpite uende dirishani. Safari za usiku zenye chakula na ngoma sizipendekezi: unalipa mara nyingi zaidi, na gizani huoni kile ulichokuja kukiona.

Ya tatu, au ya kwanza kabisa kama unapita tu: Touristanbul

Shirika la Turkish Airlines linatoa ziara ya bure kwa abiria wake wa kimataifa wanaobadilisha ndege uwanja wa Istanbul na kusubiri kati ya saa 6 na saa 24. Basi linakuchukua uwanjani, kuna mwongozaji, chakula kimo, na unarudishwa. Ndege zao zinafika Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali, kwa hiyo wengi wetu tunastahili bila kujua.

Kizingiti ni visa. Ziara ni bure lakini unaingia Uturuki, na pasipoti zetu nyingi zinahitaji visa. Ishughulikie kabla ya kuondoka nyumbani. Pia usijidanganye kwamba kwa saa sita utakwenda mwenyewe ukarudi. Uwanja uko kama kilomita 40 kutoka Sultanahmet. Mwenye muda mfupi aende na ziara yao, maana wao wanajua saa ya kukurudisha.

Ya nne: basi la kupanda na kushuka

Sasa tufike kwenye basi lenyewe. Lina watu wake watatu.

Wa kwanza ni mzee au mtu mwenye maumivu ya miguu. Istanbul ni mji wa vilima na mawe, na ngazi za Süleymaniye au Galata hazimhurumii mtu. Ukiwa na mama yako wa miaka sabini, basi ambalo anakaa na mji unampitia mbele ya macho lina thamani yake. Wa pili ni mwenye watoto wadogo. Ghorofa ya juu kwao ni sherehe. Wa tatu ni anayetaka kuona vitu vya mbali ambavyo miguu na T1 haviunganishi vizuri kwa siku moja: kuta za kale za Theodosius za karne ya 5 upande wa magharibi, ukingo wa Haliç, Taksim, Dolmabahçe, na daraja lenyewe la kuvuka kwenda Asia, ambalo watembea kwa miguu hawaruhusiwi.

Kama wewe ni mmoja wao, nunua, lakini muulize muuzaji haya kabla ya kutoa hela. Je, mzunguko huu unavuka daraja au unaishia Ulaya? Mizunguko inatofautiana, na wengine hulipa wakidhani Asia imo. Basi linapita kila baada ya dakika ngapi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Basi likija kila baada ya saa moja, kila unaposhuka unanunua saa moja ya kusubiri, na ukishuka mara nne siku imekwisha. La mwisho linaondoka saa ngapi? Majira ya baridi hukoma mapema. Tiketi ya siku moja ni saa 24 tangu kupanda, au ni ya tarehe hiyo tu? Ikiwa ni saa 24, anza mchana, ili kesho asubuhi bado iwe hai.

Tiketi ya siku mbili siipendekezi kwa mtu yeyote Istanbul. Siku ya kwanza utakuwa umeshauona mzunguko, na ya pili utaitaka kwa miguu. Tiketi iliyounganishwa na boti inaweza kuwa na faida, ila linganisha na bei ya boti dirishani Eminönü. Kifurushi chenye makumbusho kisome vizuri zaidi: kadi ya makumbusho ya serikali, Museum Pass, haiingizi mtu Hagia Sophia, wala Yerebatan, wala Dolmabahçe. Tangu Januari 2024 mgeni anayeitembelea Hagia Sophia hulipia euro 25 peke yake na kupelekwa roshani ya juu. Chini ni pa kuswalia. Msikiti wa Buluu ni bure.

Maelezo ya kwenye vipokea sauti huwepo kwa Kiingereza na Kiarabu, si kwa Kiswahili. Chukua koti hata kama chini kuna joto, kwa sababu upepo wa Bosphorus kule juu ni mwingine. Kati ya Desemba na Februari utaishia kukaa chini nyuma ya kioo chenye ukungu. Miezi hiyo usilinunue. Kama tiketi yako ni ya tarehe hiyo tu, panda asubuhi mapema. Kwa tiketi yoyote, uwe umeshashuka kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ya tano: gari na dereva, au teksi

Gari la kukodi na mwongozaji lina maana mkiwa watu sita au saba mnaochangia. Kwa mtu mmoja ni kulipa ili ukae foleni. Teksi ya barabarani itumie usiku tu au ukiwa na mzigo, hakikisha mita inawashwa, na kama unaweza iite kwa programu ya BiTaksi ili njia na bei vionekane.

Siku nazo zinaamua tiketi. Topkapı hufungwa Jumanne, Dolmabahçe Jumatatu, Kapalıçarşı Jumapili, na Ijumaa mchana misikiti mikubwa haipokei watalii. Ukiwa na Jumapili moja tu, itoe kwa Topkapı asubuhi na boti fupi alasiri. Ukiwa na Jumanne tupu na mzee pembeni yako, hiyo ndiyo siku ya basi. Saa ya Istanbul ni sawa na ya Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo anza asubuhi uliyofika.