Mapenzi na ujambazi katika vichochoro vya New York
Filamu bubu ya The Musketeers of Pig Alley, ambayo D. W. Griffith aliiongoza mwaka 1912 kwa kampuni ya Biograph, inatumia chini ya dakika 20 kusimulia habari za mwanamuziki fukara anayeporwa pochi na jambazi aitwaye Snapper Kid, ambaye baadaye humzuia mke wa mwanamuziki huyo asinywe kinywaji kilichotiwa dawa. Lillian Gish, anayeigiza mke huyo, anaigiza kwa utulivu, lakini aliyenivutia zaidi ni Elmer Booth katika nafasi ya Snapper Kid, hasa anaponyata kando ya ukuta hadi uso wake unapoikaribia kabisa kamera. Mapenzi yenyewe yamechorwa kijuujuu. Hata hivyo, wanandoa wanapomkingia kifua jambazi mbele ya polisi, nilijikuta nikitabasamu.